Risasi na Zebaki: Sumu Zinazomfikia Mtoto Kabla Hajazaliwa

Somo kwa kaya zinazotarajia mtoto au zinazolea mtoto mchanga nchini Marekani

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kitovu cha mtoto hakitupwi. Huzikwa, na mtu aulizwapo kwao ni wapi, hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake. Wajapani nao wana desturi inayokaribiana na hiyo: kipande cha kitovu hukaushwa na kuwekwa ndani ya kisanduku kidogo cha mbao, kikabaki nyumbani kwa miaka mingi. Desturi hiyo ya wazee ilikuja kuwapa madaktari ushahidi ambao hakuna maabara iliyokuwa imeuhifadhi.

Mji wa Minamata, kusini mwa Japani, uko kwenye ghuba ambamo kiwanda cha kemikali kilimwaga maji machafu yenye zebaki kwa miaka mingi. Mwezi Mei 1956 ugonjwa usiojulikana uliripotiwa rasmi. Wavuvi na jamaa zao walikufa ganzi mikononi na midomoni, wakatetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona pembeni, na wengine wakafariki. Katika vijiji hivyo hivyo walizaliwa watoto walioshindwa kukaza shingo, kutembea na kusema. Watoto hao hawakuwa wamewahi kula samaki wa ghuba ile, na mama zao wengi walionekana wazima au walikuwa na dalili ndogo tu. Elimu ya udaktari ya wakati huo ilifundisha kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu iliyo mwilini mwa mama, kwa hiyo watoto walidhaniwa kuwa na ulemavu wa kawaida wa ubongo. Ni mwaka 1962, baada ya kazi ya subira ya daktari Masazumi Harada na wenzake, ndipo ilipokubaliwa kwamba watoto walipata sumu wakiwa tumboni. Miaka ilipopita, vitovu vilivyokuwa vimehifadhiwa visandukuni vilipimwa, na zebaki ikakutwa humo.

Jambo lililojulikana Minamata ndilo msingi wa somo hili. Mama anaweza asihisi maumivu yoyote, ilhali madini yenye sumu yanaupita mwili wake na kuugusa ubongo unaojengwa ndani yake. Kwa hiyo afya anayoihisi mama si kipimo cha usalama wa mtoto. Kipimo ni damu au mkojo uliopelekwa maabara, na kinga ni kukijua chanzo cha sumu na kukiondoa.

Jinsi sumu inavyopita

Kondo la nyuma lina kazi ya kupitisha chakula na hewa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Madini mawili, risasi na zebaki, hupita kwa kujifananisha na vitu ambavyo mtoto anavihitaji. Risasi hufanana na kalisi, yaani madini yajengayo mifupa na meno, na mwili huipokea kana kwamba ndiyo kalisi yenyewe. Kiasi cha risasi katika damu ya kitovu huwa karibu sawa na kile kilicho katika damu ya mama. Zebaki iliyo katika samaki, ambayo vijidudu vya majini vimeigeuza kuwa methilizebaki, hushikamana na chembe za protini na kubebwa nazo hadi upande wa mtoto. Damu ya kitovu aghalabu huwa na methilizebaki nyingi kuliko damu ya mama mwenyewe. Ndiyo sababu huko Minamata mama aliweza kuonekana mzima na mtoto akawa mgonjwa sana.

Ubongo wa mtoto huanza mapema mno. Mfereji wa neva, ambao ndio chimbuko la ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Baada ya hapo seli za neva huzaliwa kwa wingi, kisha husafiri kutoka zilikozaliwa hadi mahali pake, zikapangana tabaka kwa tabaka na kuanza kuungana. Methilizebaki huvuruga mgawanyiko wa seli na safari hiyo. Risasi huvuruga zaidi maungano, kwa kuwa seli za neva hutumia kalisi kupelekeana ujumbe, na risasi hukaa katika nafasi ya kalisi bila kuifanya kazi yake. Seli iliyokosa mahali pake katika mwezi wa tano haitarudi kuanza safari upya katika mwezi wa nane. Mtu mzima aliyepata kiasi hicho hicho cha sumu ana ubongo uliokwisha kujengwa; mtoto hana.

Risasi ina tabia nyingine inayowahusu hasa wanawake waliohama. Katika mtu mzima, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za risasi yote iliyo mwilini hukaa mifupani, na huko huweza kudumu kwa makumi ya miaka. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha mwili huchota kalisi mifupani kwa ajili ya mtoto, na risasi ya zamani hutoka pamoja nayo. Petroli yenye risasi iliuzwa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hadi ilipoondolewa kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Mwanamke aliyekulia kando ya barabara kuu ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala katika miaka ya tisini aliivuta hewa hiyo. Wengine walikulia karibu na mahali ambapo betri kuukuu za magari ziliyeyushwa, kama katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, ambao Phyllis Omido aliupigania hadi akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuwa anaishi Marekani katika nyumba safi isiyo na chanzo chochote, na bado risasi ya utotoni ikamfikia mwanawe. Hilo si kosa lake, lakini ni habari ambayo mkunga au daktari wake anahitaji kuijua.

Kinachoonekana kwa mtoto

Sumu nyingi, kama ya Minamata, huleta ulemavu ulio wazi. Sumu kidogo huleta jambo ambalo halionekani kwa macho, nalo ndilo linalozihusu kaya nyingi zaidi. Katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, watu hula nyama ya nyangumi wadogo yenye zebaki nyingi. Watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa huko mwaka 1986 na 1987 walifuatiliwa, na walipofikia umri wa miaka saba walipimwa. Walionekana watoto wa kawaida. Hata hivyo, waliokuwa na zebaki nyingi zaidi katika damu ya kitovu walipata alama za chini zaidi katika lugha, umakini na kumbukumbu. Mjini Boston, utafiti wa risasi uliochapishwa mwaka 1987 ulikuta hali kama hiyo: watoto waliozaliwa na risasi nyingi zaidi katika damu ya kitovu walibaki nyuma kidogo ya wenzao katika vipimo vya akili vya miaka miwili ya kwanza, ingawa wengi walitoka katika familia zenye nafasi nzuri.

Nyumbani na shuleni, tofauti hiyo ndogo huwa na sura ya tabia. Mtoto huagizwa vitu viwili akaleta kimoja. Hushindwa kukaa na kazi hadi imalizike, hukasirika upesi, hukatiza maneno ya wengine, huchelewa kuunganisha maneno. Watu wazima humwita mtundu au mkaidi, na mama huambiwa kwamba hajui kulea. Shuleni hapa Marekani huongezwa maelezo mengine, kwamba mtoto anachelewa kwa sababu nyumbani kunasemwa Kiswahili. Maelezo hayo yapokewe kwa tahadhari. Lugha mbili hazidhuru ubongo wa mtoto, na kuchelewa kwa kweli huonekana katika lugha zote mbili. Inafaa pia kusema waziwazi kwamba kutotulia kwa mtoto kuna sababu nyingi, na mara nyingi madini hayahusiki kabisa. Hakuna daktari awezaye kumtazama mtoto akicheza na kusema kwamba tabia ile imetoka kwenye risasi. Kinachowezekana ni kupima, na kumpatia mtoto msaada hata kama chanzo hakitajulikana.

Vyanzo vilivyo karibu na kaya

Nyumba huja kwanza. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, lakini nyumba zilizojengwa kabla ya hapo bado zinakaliwa, na kwa sababu kodi yake ni nafuu, familia zinazowasili hupangishiwa humo. Mjini Manchester, katika jimbo la New Hampshire, mtoto wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi wa Sudan alifariki kwa sumu ya risasi mwaka 2000, wiki chache baada ya kuwasili nchini. Miaka michache baadaye, katika jimbo hilo hilo, watoto wakimbizi kutoka Afrika waliowasili wakiwa na kiwango kidogo cha risasi walipimwa tena, na baadhi yao kiwango kilikuwa kimepanda wakiwa hapa hapa Marekani. Vumbi la rangi iliyobanduka hukaa kwenye madirisha na sakafuni, na mjamzito hulivuta na kulimeza kama mtoto atambaaye. Hatari huwa kubwa zaidi pale familia inapotaka kumwandalia mtoto chumba, ikaanza kukwangua rangi ya zamani. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye cheti cha kushughulikia rangi ya risasi, na mjamzito asiwepo. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hulirusha hewani.

Kuhusu maji, mazoea mema ya nyumbani yanaweza kupotosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Maji yanapopungua kwa mvuke, risasi iliyobaki huzidi kukolea. Katika nyumba zenye mabomba ya zamani, maji ya kunywa na ya kupikia yachukuliwe kwenye bomba la maji baridi baada ya kuyaacha yatiririke, au yapitishwe kwenye chujio lililothibitishwa kuondoa risasi.

Udongo wa kula, ambao Tanzania wengi huuita pemba, ni jambo ambalo wanawake huona haya kulitaja mbele ya mganga wa kigeni. Hamu hiyo ni ya kweli, hutokea sana wakati wa ujauzito, na mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Udongo uliopimwa katika nchi mbalimbali umekutwa na risasi na aseniki, na kuuoka au kuukausha juani hakuyatoi madini hayo. Mjamzito anayetamani udongo anahitaji kupimwa damu na kupewa madini ya chuma, kukemewa hakumsaidii.

Wanja unahitaji uangalifu kama huo. Baadhi ya wanja unaouzwa Afrika Mashariki, Uarabuni na Asia ya Kusini hutengenezwa kwa jiwe jeusi ambalo ni risasi tupu iliyochanganyika na salfa. Weusi wake mzuri hauelezi chochote kuhusu kilichomo, wala maneno ya muuzaji kwamba ni wa asili. Kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga, ambaye katika familia nyingi hupakwa wanja siku za mwanzo, salama ni kuuacha ule usiojulikana ulikotengenezwa. Bizari ya manjano nayo huhitaji kujulikana ilikotoka: nchini Bangladesh watafiti walikuta wafanyabiashara wakiipaka unga wa njano wenye risasi ili ing'ae. Sufuria zinazofuliwa kwa vyuma chakavu zinaweza kutoa risasi ndani ya mchuzi, hasa wenye ndimu, nyanya au ukwaju. Katika jimbo la Washington, sufuria za namna hiyo zilizoletwa na familia za wakimbizi wa Afghanistan zilikutwa na risasi nyingi. Sufuria za chuma kisichoshika kutu hazina shida hiyo.

Mkorogo, pamoja na krimu nyingine za kung'arisha ngozi, mara nyingi huwa na zebaki. Zebaki hii si ile ya samaki. Hudhuru figo kwanza, kisha neva, na haibaki kwa mpakaji peke yake: hukaa kwenye taulo, shuka na mikononi, na watoto wa nyumba hiyo hukutwa nayo ingawa hawakupaka chochote. Sheria ya Marekani hairuhusu zebaki katika krimu hizo, lakini chupa husafiri katika mizigo na kuuzwa katika maduka madogo, nyingi bila orodha ya vilivyomo. Lebo isiyosomeka imewahi kuua. Mwishoni mwa mwaka 1971 wakulima wa Iraki waligawiwa mbegu za ngano zilizotiwa methilizebaki ili zisiliwe na ukungu, na maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa lugha za kigeni. Familia ziliosha rangi nyekundu ya mbegu, zikaona maji yametakata, zikaoka mikate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini, 459 wakafariki humo, na watoto waliokuwa matumboni walizaliwa na ubongo ulioharibika. Krimu isiyo na lebo, au yenye lebo ya lugha isiyoeleweka nyumbani, isitumike. Isitupwe pia kwenye takataka za kawaida. Ifungwe ndani ya mfuko, kisha idara ya afya ya kaunti iulizwe pa kuipeleka.

Mwisho kuna kazi. Baba anayebomoa nyumba kuukuu, kupaka rangi, kutengeneza betri au radieta hurudi na vumbi la risasi katika nguo na viatu. Akiacha viatu nje, akabadili nguo kabla ya kumkumbatia mtu, na nguo hizo zikafuliwa peke yake, amemkinga mwanawe aliye tumboni.

Samaki wasiachwe

Baada ya kusikia habari za zebaki, baadhi ya wajawazito huacha samaki kabisa. Hilo ni kosa, na ushahidi wake umetoka katika Bahari ya Hindi yenyewe. Huko Shelisheli, utafiti ulioanza mwaka 1989 uliwafuatilia watoto wa mama waliokula samaki wa baharini karibu mara kumi na mbili kwa wiki. Haukukuta madhara ya kudumu katika akili za watoto hao kama yale ya Faroe. Samaki wa kawaida wana zebaki kidogo kuliko nyangumi, na mafuta yake huujenga ubongo. Suala ni kuchagua. Zebaki hukolea kadiri samaki anavyokuwa mkubwa, anavyoishi miaka mingi na anavyokula wenzake. Idara za serikali ya Marekani zinawashauri wajawazito na wanaonyonyesha kuepuka papa, nduaro na jamaa zake wenye pua ya upanga, nguru wakubwa na jodari wa macho makubwa. Papa mkavu hana nafuu: kukaushwa huondoa maji, zebaki ikabaki. Dagaa, vibua, perege, samoni, kambare na kamba wana zebaki kidogo, na inashauriwa kula gramu 225 hadi 340 kwa wiki za samaki wa namna hii. Anayevua katika mto au ziwa la jimbo lake aulize kwanza kama kuna onyo. Akikosa habari, ale mlo mmoja tu wa samaki hao na asile wengine wiki hiyo. Methilizebaki hupungua mwilini kwa nusu katika siku hamsini hivi, kwa hiyo anayekusudia kupata mimba hunufaika akianza kuchagua miezi michache mapema.

Kupima, kula na kunyonyesha

Kipimo cha risasi ni cha damu kidogo, nacho kinapendekezwa kwa wakimbizi wote wajawazito na wanaonyonyesha wanapowasili. Aliyehamia kwa njia nyingine anaweza kukiomba katika ziara ya kwanza ya kliniki, akitaja udongo, wanja, krimu, umri wa nyumba na kazi za nyumbani kwake. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto wadogo, tangu mwaka 2021 ufuatiliaji huanza kwenye mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Kiwango kikizidi, hatua ya kwanza huwa kutafuta chanzo. Dawa za kuvuta madini mwilini si za kujinunulia, na wakati wa ujauzito hutolewa na mabingwa tu, katika hali nzito. Dawa za mitishamba za kusafisha damu zenyewe zimewahi kukutwa na risasi.

Mwili wenye kalisi na chuma vya kutosha hupokea risasi kidogo. Katika jaribio lililofanyika Meksiko, wajawazito waliopewa miligramu 1,200 za kalisi kila siku walipungukiwa na risasi katika damu kwa asilimia 11 hivi. Hiyo si tiba kamili, lakini ni msaada wa bei ndogo: maziwa na mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, mboga za majani pamoja na ndimu au chungwa, na vidonge vya chuma vinavyotolewa kliniki.

Kunyonyesha kuendelee. Risasi hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo, na kwa mama walio wengi faida ya maziwa hushinda hatari hiyo kwa mbali. Mama ambaye damu yake imekutwa na kiwango cha juu sana ndiye atakayeelezwa na daktari la kufanya, na asiamue peke yake kuacha.

Mtoto aliyezaliwa na risasi hajahukumiwa. Watafiti wa Boston walipowapima tena watoto wale karibu na umri wa miaka mitano, tofauti iliyotokana na risasi ya tumboni ilikuwa imefifia, hasa kwa wale ambao risasi yao ya baada ya kuzaliwa ilikuwa ndogo na ambao nyumbani walizungumzishwa na kuchezeshwa. Mzazi anayeona kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitatu anachelewa kusema, kutembea au kutulia ana haki ya kuomba tathmini ya bure kutoka mpango wa jimbo wa msaada wa mapema. Kuanzia miaka mitatu ombi hilo hupelekwa kwa wilaya ya shule, na ni bora liwe kwa maandishi. Hali ya ukaazi ya familia haiathiri haki hiyo.

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kutoa mkalimani bila malipo, na mtoto wa nyumbani asitumiwe kutafsiri habari za damu ya mama yake. Aliyemeza au kupaka kitu anachokitilia shaka, au aliyeona mtoto akila rangi iliyobanduka, anaweza kupiga simu ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222, usiku na mchana, bila malipo, na kusema neno moja tu kwa Kiingereza, „Swahili“, ili aunganishwe na mkalimani.